Kushoto Tena

Kitu cha kwanza alichokigundua kilikuwa kidogo mno, cha kuchekwa: simu ilikuwa imehama mkono. Miaka yote aliishika kwa mkono wa kushoto, kwenye sikio la kushoto, ili mkono wa kulia ubaki huru kufanya kazi. Asubuhi moja dada yake alimpigia kumuuliza ufunguo wa stoo uko wapi, naye akajikuta ameibana simu kwenye bega la kulia, shingo imepinda, na mkono wa kushoto umekaa bure. Hakuna aliyemwambia aihamishe. Simu ilihama yenyewe, kama mpangaji anayeondoka bila kuaga.

Alijiambia ni uchovu, akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Duka lilikuwa la hedifoni, mpya chache na zilizotumika nyingi, zilizokuja kwenye maboksi waya zikiwa zimesokotana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Fundi alizifungua, akatoa spika zilizokufa, akatia nyingine, akachomea lehemu, akazifuta. Kisha alizipitisha kwenye kidirisha hadi kwenye kibanda cha mbao, ambacho kuta zake zilibandikwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie. Humo ndimo alimokaa binti huyu wa miaka ishirini na miwili, msema kidogo, aliyeacha shule darasa la tano. Iliyomridhisha aliibandika karatasi ya kijani, ikaenda kwenye kabati la kioo. Isiyomridhisha aliitia kwenye kapu jekundu, ikarudi kwa Fundi.

Walimwita Mizani. Jina hilo alipewa na mwenye duka, mwanamke mpana wa mwili na mwepesi wa ulimi, siku alipomsikia akisema hedifoni fulani ina mkwaruzo ambao watu wengine watatu hawakuusikia mpaka walipoambiwa pa kuusikiliza. "Wenzako wametundika vyeti ukutani," mwenye duka alimwambia. "Cha kwako umezaliwa nacho pande mbili za kichwa. Usikipoteze."

Mbele ya watu Mizani alikuwa na haya ya kumtia jasho. Lakini mteja akiuliza habari za sauti, ulimi ulifunguka, ingawa macho yalibaki kwenye kaunta.

"Dada, mimi nataka besi," kijana mmoja alimwambia. "Besi ya kupasua!"

"Ya kupasua nini?"

"Kichwa!"

"Ukishakipasua, hedifoni utaivalia wapi?"

Kijana alicheka mpaka akashika kaunta. Mizani akamvalisha moja, akamtafutia wimbo anaoujua.

"Usianze na besi. Anza na mwimbaji, na sauti iwe ndogo. Ukimsikia anavyovuta pumzi, hiyo ni nzuri. Halafu ngoma ije chini yake, imbebe. Besi mbaya ni kama mgeni anayekuja kukaa juu ya kitanda cha mwenyeji. Ukimtafuta mwenyeji, unamwona mgeni tu. Halafu mwisho zigeuze, ya kulia ivae kushoto. Kama kuna upande dhaifu na udhaifu ukahama, basi kosa ni la hedifoni."

"Na usipohama?"

"Kosa ni la sikio. Hilo sisi hatuuzi."

Habari ya kugeuza alikuwa ameshawaambia mamia ya watu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuihitaji.

Basi, wiki ileile simu ilipohama, kapu jekundu likaanza kujaa.

"Kushoto tena?" Fundi aliuliza, kichwa kikichungulia kwenye kidirisha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani mizito na vidole vilivyojaa makovu ya moto.

"Kushoto tena, Fundi. Besi imekonda."

"Imekonda? Mwanangu, hii spika nimeitoa kwenye mfuko wake sasa hivi, hata jua haijaliona!"

"Imekonda."

"Haya. Tuinenepeshe." Akaichukua, akaigeuzageuza chini ya taa, akabadilisha spika, akairudisha. Ikarudishwa. Akabadilisha tena. Mara ya tatu aliivua waya akaitupa kwenye kopo la vipuri huku akicheka. "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Alikuwa akiisema hedifoni. Lakini Mizani alihisi kitu cha baridi kikimteremka mgongoni, pole pole, pingili moja baada ya nyingine.

Jumatatu ya wiki ya tatu mwenye duka alikuja nyuma, akasimama mikono kiunoni.

"Kapu limeshiba kuliko kabati. Kuna nini?"

"Kushoto kunasumbua, Mama," Fundi alijibu.

"Kushoto kwa nani? Miaka yote hiyo kushoto hakukuwapo?" Alimtazama Fundi kwa muda, kisha akasema alichokuja kusema. Kituo cha redio kilikuwa kikifungua chumba cha wanafunzi wa sauti, na kilitaka hedifoni arobaini. Mchanganya sauti wao angekuja Ijumaa kuzichagua mwenyewe. "Anataka besi nzuri, na kulia na kushoto ziwe sawasawa. Akipenda, tumepata mteja wa maisha. Asipopenda, Fundi, mimi na wewe hatutakaa chini ya paa moja. Sitaki maneno mengi."

Akaondoka, na Fundi akabaki akifuta miwani ambayo haikuwa michafu.

Siku hiyo mchana wenzake walipotoka kwenda kula, Mizani alibaki. Alikwenda kwenye kabati la kioo akatoa hedifoni bora kuliko zote dukani, mpya, ambayo Fundi hakuwahi kuigusa. Akaingia kibandani, akafunga mlango, akaweka wimbo wa ngoma nzito aliokuwa akiujua kama alivyojua ngazi za nyumba yao.

Kushoto ngoma ilikuwa mbali. Ilisikika kama inapigwa nyumba ya jirani, madirisha yamefungwa.

Mikono ilipanda kuzigeuza, ikasimama hewani. Alijiambia labda waya. Labda nta ya sikio. Labda hata hizi mpya zimeharibika safarini, mbona maboksi hutupwatupwa. Alijiambia mengi, na moyo ulikuwa ukienda mbio kiasi kwamba alisikia mapigo yake ndani ya hedifoni. Aliyasikia upande mmoja tu.

Akazigeuza.

Ngoma haikuhama. Ilibaki kulia palepale, nene na ya mviringo, na kushoto kukabaki ile nyumba ya jirani na madirisha yake. Akazigeuza tena, na tena, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko ambao ameshauangalia. Alipovua, magodoro ya ukutani yalikuwa yakimkaribia. Ndivyo alivyoona. Akatoka nje akasimama mlangoni pa duka, akatazama magari yakipita, akayasikiliza moja moja kama anayaaga.

Hofu hiyo alikuwa akiijua kwa sura. Ilikuwa na sura ya mama yake mkubwa, dada wa mama yake, aliyekuwa akiishi nao. Yeye naye alianza kwa sikio moja, akiwa na miaka ishirini na mitano. Lilipoondoka la kwanza, la pili halikukawia. Sasa aliishi akitazama midomo ya watu. Watoto wa nyumba walimfanyia mchezo wa kufungua na kufumba midomo bila kutoa sauti, wamwone anavyohangaika. Mizani pia aliwahi kuucheza mchezo huo alipokuwa mdogo. Alikuwa akiucheza vizuri kuliko wote.

Akawaza: masikio yakienda, kitabaki nini? Darasa la tano na haya. Nani atamlipa mtu kwa haya?

Akapanga ujanja. Mtu mwenye saa inayochelewa dakika kumi huongeza kumi, basi naye ataongeza. Ile atakayoisikia imepungua kushoto kwa kiasi alichokizoea, ataihesabu kuwa nzima. Ulikuwa mpango mwembamba, lakini ni mpango. Alikuwa bado akiujaribu kichwani Jumatano, Fundi alipogonga kidirisha kwa kifundo cha kidole, uso umenawiri.

"Leo hunirudishii hata moja. Vaa."

Akavaa. Na ajabu, mwimbaji alikuwa katikati. Alisimama mbele kabisa, baina ya macho, na ngoma ilikuja pande zote mbili kwa nguvu moja, kama watu wawili wanaobeba kitanda bila kukiinamisha. Zilikuwa wiki tatu tangu asikie hivyo. Machozi yalimlenga kwa furaha. Halafu furaha ikakatika, kwa sababu alielewa.

"Fundi, umefanyaje?"

"Siri ya ufundi." Lakini hakuweza kuikalia siri yake hata nusu dakika. "Nimefunga rezista ndogo upande wa kulia, ipunguze nguvu, kushoto kupate kujitokeza. Nikwambie kweli, mwanangu, kwangu mimi kulia kunasikika kama kumelala. Lakini masikio yangu yamepikwa na moshi wa lehemu, ya kwako ndiyo mizani. Nikasema nitafuata ya kwako."

"Zote?"

"Zote arobaini! Siku mbili mgongo sijaunyoosha. Mke wangu ameniuliza kama nimeoa hizi hedifoni."

Alicheka, na alikuwa akimngoja acheke. Neno lilimfika Mizani kwenye meno. Lilikuwa neno fupi, angelisema kwa pumzi moja. Aliona kibanda kikikaliwa na mtu mwingine. Aliona midomo ya watu ikifunguka na kufungika.

"Ziko sawa, Fundi," alisema.

Akabandika karatasi za kijani arobaini. Vidole vilikuwa na jasho, karatasi ya mwisho ilikataa kushika, akaibonyeza kwa nguvu mpaka ikashika.

Alhamisi jioni, nyumbani, walikuwa wamekaa uani wakichambua maharage. Mizani alijichagulia mahali pa kukaa, watu wote wawe kulia kwake, ukuta kushoto. Dada yake alikuwa akisimulia kisa cha jirani na kuku aliyeingia kanisani, na mama alikuwa akicheka kabla kisa hakijafika pa kuchekesha. Mama mkubwa alikaa mbele yao, kimya, macho yake yakitembea toka mdomo mmoja hadi mwingine. Kisha yakasimama kwa Mizani, na hayakuondoka.

"Wewe," alisema. Hakuwa akijua kupima sauti yake, kwa hiyo kila alichokisema kilisikika mpaka barabarani. "Mbona unageuza kichwa kama kuku anayetazama punje?"

"Shingo inauma, mama mkubwa."

"Haiumi. Unaleta sikio la kulia mbele." Akauacha ungo. "Lini? Limeanza lini hilo la kushoto?"

Dada yake alinyamaza katikati ya kuku. Mama aliinua uso. Mizani alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Maji yaliingia nikioga," alisema, akiikuza midomo ili yule aone vizuri. "Maji. Yatatoka."

Mama mkubwa alimtazama, hakuwa na hasira. Aliyachota maharage, akayaachia yaanguke kwenye ungo, pengine akiikumbuka sauti yake. "Na mimi nilisema maji," alisema. "Mwaka mzima nikasema maji. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Dada, hebu mwache mtoto," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba isiwe kweli. Na kisa cha kuku hakikuendelea.

Ijumaa, mchanganya sauti alikuja mapema. Walimtazamia mtu mkubwa. Akaingia mwanamke mdogo wa umbo, mpole, mwenye mkoba wa turubai. Aliamkia kila mtu kwa zamu. Kisha akavua hereni zake akaziweka juu ya kaunta, moja, mbili, kama daktari anayevua pete.

"Naweza kukaa wapi?"

Mwenye duka alimpa kiti cha kibandani, kiti cha Mizani. Mlango uliachwa wazi. Mizani alisimama nje ya mlango na kitambaa mkononi akifuta kaunta iliyokwisha kufutwa, na Fundi alisimama karibu na meza yake, shati amelipiga pasi kwa ajili ya siku hiyo.

Mgeni alikuja na sauti yake mwenyewe, ya mtu aliyerekodiwa akihesabu moja hadi kumi, amesimama katikati ya chumba kitupu, na baada yake ngoma moja nzito. Alifumba macho akasikiliza ya kwanza. Paji la uso lilikunjika kidogo. Akazigeuza. Likakunjika zaidi. Akaiweka pembeni, akachukua ya pili.

Mwenye duka alikuwa ametabasamu wakati wa ya kwanza. Ilipofika ya tatu, tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu. Ya nne. Ya tano. Mizani alitamani mwanamke yule akosee, apigiwe simu, umeme ukatike, chochote. Ya saba alivua, akafumbua macho.

"Besi ni nzuri," alisema. "Safi kabisa, haimfuniki mtu. Hizi spika zilichaguliwa na mtu anayejua."

Fundi alipumua.

"Lakini huyu mtu anayehesabu nilimweka katikati mwenyewe. Kwenye hizi amesimama juu ya nyusi yangu ya kushoto. Nikizigeuza, anahamia ya kulia."

"Labda moja mbili..." mwenye duka alianza.

"Zote saba, mama. Na kinachonishangaza si kwamba zimekosea. Fundi mbaya hukosea huku na huku, hii kushoto, ile kulia. Hizi zimekosea kwa kiasi kimoja. Kama zimepimwa."

Neno hilo lilikaa chumbani. Mwenye duka aligeuka pole pole.

"Fundi."

"Mama."

"Zimepimwa na nani?"

Fundi alikuja mpaka kibandani, akaomba kwa ishara, akavaa moja. Akasikiliza yule mtu akihesabu. Mizani aliona uso wake ukibadilika, si kama uso wa mtu aliyeshikwa, bali wa mzee anayekosa ngazi moja gizani. Akavua.

"Rezista nilizifunga mimi," alisema. "Nilizifunga kulia. Mizani akazisikiliza zote, akazipitisha, na huyu mtoto hakosei, Mama, wewe mwenyewe unajua. Miaka minne hajakosea." Alikuwa akifikiri huku akisema, na kila alipofikiri alizidi kujiangusha. "Basi nitakuwa nilizigusa tena baada ya yeye kuzipitisha, nikasahau. Au ni masikio yangu. Umri huu, na moshi. Inawezekana nimekuwa kiziwi na sijijui."

Aliinua mkono akaligusa sikio lake, kwa woga, kama mtu anayegusa jino linalotikisika.

"Nilikwambia kuhusu paa," mwenye duka alisema. Sauti yake haikuwa kali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nakuheshimu, Fundi, lakini siwezi kuuza sauti kwa mkono wa mtu asiyesikia. Kunja vyombo vyako."

"Sawa, Mama."

Hakubishana. Alikwenda mezani, akachomoa chuma cha lehemu kwenye umeme, akangoja kipoe. Akaanza kutia koleo kwenye mfuko, bisibisi moja moja kwa ukubwa wake, na mara mbili alisimama akapiga vidole karibu na sikio lake la kushoto, kisha la kulia, akisikiliza.

Kitambaa kilimwanguka Mizani mkononi.

"Mama," alisema.

Haikusikika. Mwenye duka alikuwa ameshageuka kumwomba radhi mgeni.

"Mama." Aliona mlango wa barabarani uko wazi, angeweza kutoka tu, na kesho kazi ingekuwa bado yake. Mgeni ndiye aliyemwona. Alimgusa mwenye duka mkono, akamwonyesha.

"Una nini wewe? Sema usikike!"

Na akasema, kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kuitoa katika duka lile, mpaka watu wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama.

"Fundi anasikia vizuri. Asiondoke. Alifuata sikio langu, na sikio langu la kushoto limekufa. Nimeligundua tangu wiki hii ilipoanza, nikabandika kijani huku najua. Nilinyamaza kwa sababu naogopa, Mama. Naogopa mpaka sasa."